Udhu Uliodumu

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, Nasiri mwana wa Kagabo, mshona kanzu wa mtaa wa Nyakabanda, Kigali, alianza kujisifu kwa jambo ambalo mafundi hawana desturi ya kujisifu kwalo. Alisema udhu wake ulikuwa haukatiki. Akitawadha kwa ajili ya adhuhuri, alasiri ilimkuta nao, magharibi ilimkuta nao, na hata imamu alipotoa salamu ya mwisho ya tarawehe, yeye alikuwa angali nao, kana kwamba mwili wake umeisahau kabisa njia ya msalani.

"Hii ni baraka ya mwezi," alimwambia Damascène.

Damascène aliuza vifungo, zipu na nyuzi katika chumba kilichopakana na cha Nasiri. Alikuwa Mkatoliki wa kuamkia misa, na mwaka ule Kwaresima yake na Ramadhani ya jirani yake ziliingia karibu bega kwa bega. Alimtazama rafiki yake juu ya miwani.

"Baraka? Fundi, mimi pia iko nafunga, lakini choo inanijua kwa jina. Wewe hata ngamia atakushangaa."

"Ngamia hashoni kanzu."

"Na wewe huna nundu. Kunywa maji jioni, muzee."

Nasiri alicheka na kurudisha mguu kwenye kanyagio la cherehani. Maji hakunywa, na hilo halikuwa kwa kusahau. Choo cha ua wa vyumba vyao kilikuwa chini kabisa ya ngazi za mawe, kama ilivyo katika nyumba nyingi zilizojengwa mteremkoni, na kwa fundi mwenye mgongo mbovu safari ya kushuka, kutawadha upya na kupanda tena ilikuwa adhabu. Msikitini nako, mwenye kutoka katikati ya tarawehe hupoteza nafasi yake katika safu ya mbele. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu: jioni tende, uji kidogo, funda moja la chai la kumezea kidonge cha mgongo, na basi. Wakati wa daku vivyo hivyo, pamoja na kidonge kingine. Vidonge hivyo alivinunua mwenyewe dukani, na alivimeza tangu mvua za mwaka uliotangulia bila kumuuliza mtu. Kanzu za Idi zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani, na mgongo ulitulia. Ilikuwaje asishukuru?

Na kushukuru ndiko alikolelewa. Babu yake alifika nchi hii kutoka Ujiji akiwa na mitumba ya kaniki, akaoa kwa Wanyarwanda, akakaa. Baba yake, mzee Kagabo, alirithi mkasi na akamrithisha Nasiri mkasi huohuo pamoja na desturi mbili.

Desturi ya kwanza ilikuwa ya mezani. Fundi wa nyumba ile hakuruhusiwa kuchagua vipande vya nguo juu ya meza ya kukatia. Kazi ikiisha, kila kilichokuwa mezani kilisukumwa kwa mkono mmoja mpaka kikapuni: vipande, nyuzi, chaki, pini, vifungo, vumbi. Baadaye mtu mmoja aliketi na kikapu kile, akaokota vilivyo mali ya nyumba na kuvirudisha mahali pake, na kilichosalia kilitupwa. "Sukuma vyote, kisha okota vyako," mzee alikuwa akisema, na mwanafunzi aliyejaribu kuokota takataka moja moja juu ya meza alipigwa kidole kwa futi ya mbao.

Desturi ya pili ilikuwa ya milangoni. Mzee Kagabo hakuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alishikilia kwamba mja hapaswi kupita mlango wowote kimya, hata ule wa msalani. Huingia kwa mguu wa kushoto na hutoka kwa wa kulia. Na akishatoka humshukuru Mwenyezi Mungu aliyemwondolea maudhi na kumpa afya. Nasiri aliisoma dua hiyo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni na dada zake. Aliisoma kama mtu anavyofunga kifungo, vidole vikijua kazi na akili ikiwa kwingine.

Asubuhi ya Idi viatu vyake vilimkataa. Alivaa kanzu mpya yenye darizi shingoni, akaketi kitandani kuvaa makubadhi, na miguu haikuingia. Ilikuwa imevimba kama unga uliotiwa hamira. Alikwenda kuswali kwa ndala. Aliporudi, pilau aliyoipenda kuliko vyakula vyote ilimchafua roho kabla hajaionja. Mkewe, Nyiraneza, aliiondoa sahani. Akaketi mbele yake.

"Papa Iradukunda," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea, "mara ya mwisho ulikwenda chooni lini? Haja ndogo."

Nasiri alianza kuhesabu siku kwa vidole. Jana? Alijaribu kukumbuka ngazi zile za mawe, na hakujiona akizishuka. Hapo ndipo alipotambua kwamba jambo alilolihesabu kuwa baraka mbele ya jirani na mbele ya Mola wake halikuwa baraka hata chembe. Nyiraneza alikwisha kufunga leso kichwani na kutafuta gari.

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Daktari aliyempokea alikuwa Mtanzania, jina lake Castory, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesoma majibu ya damu mara mbili kabla ya kusema.

"Mzee, figo zako zimesimama," alisema. "Nisikilize vizuri. Sikusema zimekufa. Nimesema zimesimama."

"Zitaamka?" aliuliza Nyiraneza.

"Huenda. Mara nyingi huamka, mtu akiwahi. Huchukua majuma. Kwa sasa mashine itafanya kazi yake, na vile vidonge vya mgongo mlivyonitajia asiviguse tena maishani. Zikiamka, atarudi kwenye cherehani yake. Zisipoamka…" Daktari aliufunga mkono wake na kuufungua. "Zisipoamka atakuwa mtu wa mashine, kila juma, muda wote atakaoishi. Hatuwezi kuziamrisha, mama. Tunaweza kuzingoja tu."

Maneno hayo mawili, zitaamka au hazitaamka, ndiyo Nasiri aliyolala nayo na kuamka nayo kuanzia siku ile. Aliwatazama majirani zake wa wodini waliokuwa wamezoea mashine kwa miaka, wakija na gazeti na mto wao kama watu waendao kinyozi, akawaheshimu kwa subira yao, na akaogopa.

Aliyesimamia mashine yake alikuwa muuguzi Jovina, mzaliwa wa Bukoba aliyeolewa Kigali. Siku ya kwanza, damu ilipokuwa ikipita katika mirija ya plastiki, nyekundu kuliko alivyotazamia, Nasiri alitafuta mahali pengine pa kuweka macho, akayaweka begani kwa muuguzi.

"Mzee wangu, mbona unanikodolea bega?"

"Nani alishona sare hii, sista?"

"Kwani ina nini?"

"Mkono wa kushoto umewekwa kulia, na wa kulia kushoto."

Jovina aliinua mikono yote miwili, akaishusha, akaiinua tena. "Ndiyo maana inanibana kwapani kila ninapoifikia rafu ya juu! Mwaka mzima nadhani nimenenepa. Nimeacha na chapati."

"Rudia chapati. Ukiniletea sare nitaifumua."

"Pona kwanza, ndipo ufumue vya watu."

Tangu hapo wakawa watu wa kuzungumza, kwa kuwa kuungwa na mashine ni kazi ya kukaa saa nyingi. Katika kikao kilichofuata Nasiri alimweleza yote, udhu na ngazi na vidonge, akitazama dari. Jovina alianza kucheka, akajizuia kwa kiganja, kisha uso wake ukawa wa kazi.

"Ulikuwa unashukuru kwamba hukojoi?"

"Kila swala."

"Pole, mzee wangu. Hebu nikueleze ulichokuwa unakishukuru." Akavuta kiti. "Wewe unadhani figo ni nini?"

"Ni chujio. Kama la chai. Damu inapita, takataka zinabaki."

"Mashine hii, sawa, inakaribia hivyo. Lakini ukisema figo ni chujio la chai utakuwa umeitukana. Ndani ya kila figo mna vitengo vidogo kama milioni moja, vidogo hata jicho haliwezi kukiona kimoja. Vinaitwa nefroni. Kila nefroni ni kikombe kimoja na mrija mmoja mrefu. Ndani ya kikombe pamesokotwa fundo la vishipa vyembamba vya damu, kama uzi uliojikunja chini ya sindano. Mshipa unaoingia ni mpana, unaotoka ni mwembamba. Damu ikiingia kwa wingi na kutoka kwa shida, hufanyaje?"

"Hujaa, ikabanwa."

"Ikibanwa, maji yake hupenya ukuta na kumwagikia kikombeni. Na ukuta wenyewe una tabaka tatu. La ndani ni la kishipa chenyewe, lina matundu. La kati ni utando laini…"

"Bitana," alisema Nasiri.

"Haya, bitana. Na la nje ni seli zenye miguu mingi, zimekikumbatia kishipa, miguu ya hii imepishana na miguu ya ile." Akapachanisha vidole vyake. "Kati ya vidole ndipo panapopita maji. Chembe za damu hazipiti. Protini kubwa hazipiti. Lakini vidogo vyote hupita."

"Takataka."

"Takataka, na sukari, na chumvi, na maji yako mazuri uliyokunywa. Vyote. Kwa siku moja figo zako mbili humwaga kiasi kinachokaribia pipa zima, lile la mafuta unalolijua."

Nasiri aligeuza kichwa juu ya mto. "Pipa? Mtu hakojoi pipa."

"Ndiyo nakuuliza wewe, fundi. Linakwenda wapi?"

Mashine ilizungusha magurudumu yake madogo. Kisha mkono wa Nasiri uliokuwa huru ulifanya kitu ambacho Jovina hakukielewa: ulijinyoosha juu ya shuka, ukafagia kwa mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu asukumaye vitu vidondoke ukingoni mwa meza.

"Sukuma vyote," alisema polepole, "kisha okota vyako."

"Umejuaje?"

"Ni sheria ya baba yangu." Akamweleza habari ya meza na kikapu. Jovina alimsikiliza akiwa ameshika tama.

"Basi mrija ndio kikapu," alisema. "Kando kando ya mrija, mwanzo hadi mwisho, zimepangwa seli za kuokota. Zilizo mwanzoni ndizo zenye kazi nyingi: sukari yote huirudisha kwenye damu, na sehemu kubwa ya maji na chumvi. Halafu mrija unashuka chini, ndani kabisa ya figo penye chumvi kali, unapinda na kupanda tena, na kwa pindo hilo figo hupata uwezo wa kuyarudisha maji zaidi. Halafu sikiliza hili ninalolipenda mimi. Mrija ukishapanda unarudi na kukigusa kikombe chake chenyewe, kama kuuliza: mwenzangu, unamwaga kiasi gani? Kikizidi, mlango unabanwa kidogo. Mwishoni, mirija mingi hukutana katika mfereji mmoja, na hapo mwili huamua: leo kuna kiu, rudisha maji, leo kuna maji mengi, acha yaende. Kinachosalia sasa ndicho unachokwenda nacho chooni. Chupa moja, chupa mbili."

"Kwa nini isichague takataka tangu mwanzo? Isingekuwa kazi ndogo?"

"Jibu wewe. Baba yako alisemaje?"

Nasiri alimwona akilini mzee Kagabo akiwa na futi yake ya mbao. Alikuwa amemuuliza swali hilohilo, akiwa na kidole kinachouma. "Alisema takataka zina aina zisizo na mwisho, na kesho zitakuja nyingine hatujaziona. Mali yetu tunaijua. Ukiijua mali yako, huna haja ya kuijua takataka."

Jovina akasimama, akatazama vipimo vya mashine, akarudi. "Miaka yote hii ya kufundisha wagonjwa, sijapata kulisema vizuri hivyo. Nitalichukua."

"Lichukue. Na mimi nilifanya nini mpaka figo zikasimama?"

"Ulizikaushia damu. Mtu akikaukiwa, damu hupungua mlangoni. Figo ina akili. Hutengeneza kitu cha kuushikilia ule mshipa wa kuingilia ubaki wazi. Vile vidonge vyako vya mgongo vinakizuia kitu hicho. Kwa hiyo uliyapunguza maji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukaufunga mlango. Wanaochuja kule vikombeni hawana taabu kubwa, kwa sababu moyo ndio unaosukuma. Lakini waokotaji wa mrijani wanavuta kila kitu kwa nguvu zao, nao ndio wanaohitaji damu nyingi zaidi. Damu ilipokosekana, walizimia wao kwanza. Wengine wamebanduka na kuiziba mirija."

Nasiri aliuhisi uso wake ukiwaka. Milioni kwa milioni za vibarua waliomwokotea sukari na chumvi tangu tumboni mwa mama yake, bila siku ya mapumziko, naye aliwanyima maji ili asipoteze nafasi katika safu ya mbele.

"Wanarudi?" aliuliza.

"Vikombe vikifa havioti tena. Lakini waokotaji huota upya, kama ule utando walioukalia haujararuka. Tunangoja tuone, mzee wangu."

Wakangoja. Mvua za masika zilianza kuyapiga madirisha ya wodi. Damascène alikuja Jumapili baada ya misa, akaketi kwa adabu isiyo yake, akasema duka limekuwa kimya na hata panya wanauliza fundi yuko wapi. Nyiraneza alikuja kila siku na chakula kisicho na chumvi, akimwonya asilalamike. Na jambo moja lilimsumbua Nasiri ambalo hakumwambia yeyote kati yao. Hakuwa na mahali pa kuisomea dua yake. Siku zilipita bila kupita mlango ule, na maneno aliyoyasoma maisha yake yote bila kuyasikia yalikaa mdomoni kama sindano iliyotungwa uzi na kukosa nguo. Aliyeniondolea maudhi. Kumbe maudhi ni haya, yanayonijaza miguu na kunitia uchungu ulimini. Na kunipa afya. Kumbe nilikuwa nayo.

Asubuhi moja, wakati wafagiaji wakipiga deki, alihisi uzito mdogo chini ya kitovu. Hakuuamini. Alingoja, kisha akaomba chupa, akavuta pazia. Kilichotoka kingejaza kikombe cha kahawa, cha rangi ya chai iliyokolea. Aliishika ile chupa kwa mikono miwili.

"Sista!" aliita. "Sista Jovina!"

Jovina alikuja mbio, akidhani ameanguka. Alipoona, aliichukua chupa, akaiinua dirishani kwenye mwanga, na uso wake ukafunguka.

"Mzee wangu! Wameamka wa kwanza kwanza."

"Nina swali. Sisi tuna dua, lakini husomwa mtu akishautoka mlango wa choo. Hapa sina mlango. Niko kitandani. Niisome au ningoje?"

"Mimi ni Mkatoliki wa Bukoba, usiniombe fatwa," alisema Jovina. Kisha akaitazama tena ile chupa. "Lakini mkojo huu umepita milango mingi kuliko iliyomo nyumbani kwako. Mimi ningesoma."

Akaisoma. Safari hii aliisikia, neno baada ya neno, kwa sauti ya baba yake. Jovina alisimama na chupa mkononi mpaka alipomaliza, kichwa ameinamisha, kama mtu aliyekutwa na sala ya watu wengine njiani.

Baada ya hapo mkojo ulikuja kwa kasi. Ulikuja mchana na usiku, mweupe kama maji ya bomba, chupa juu ya chupa, na Nasiri akamwagiza mkewe amletee kanzu ya kurudia nyumbani.

"Iweke kwanza kanzu," alisema Jovina. "Na unywe. Kila unachotoa, rudisha, nitakupimia."

"Lakini si nimepona? Tazama!"

"Natazama. Ni maji matupu, na chumvi yako imo humo humo. Wanaomwaga wamerudi kazini, lakini waokotaji ni wapya, hawajajua kazi. Kikapu kinamwagwa nje na mali yake."

Nasiri aliinamisha kichwa. Aliwahi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, aliyetupa vifungo vya kanzu ya imamu pamoja na mabaki, nao ua mzima ukainama kuvitafuta jalalani. Hakumfukuza. Alimkalisha karibu na kikapu mpaka macho yake yakazoea. Basi akanywa alichopimiwa, maji yenye chumvi yake, bila kulalamika, akisema moyoni: haya, jifunzeni taratibu, mimi nipo.

Nao wakajifunza. Siku hadi siku rangi ilianza kurudi, kwanza njano hafifu, kisha ile ya majani makavu ambayo awali asingeitazama mara mbili. Daktari Castory alisoma majibu ya damu, kwa desturi yake mara mbili, akayaweka chini.

"Mashine tumeiaga," alisema. "Si figo za kijana, mzee, vikombe vingine tumevipoteza. Lakini vilivyobaki vinatosha, ukiviheshimu. Maji. Hakuna vidonge vya dukani. Mgongo utakwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na Ramadhani ijayo hufungi mpaka niseme."

Neno hilo la mwisho lilikuwa zito kuliko mengine. Shehe wa mtaa, alipopelekewa, alilipokea bila mashaka: mgonjwa ana ruhusa, na fidia yake ni kumlisha maskini. "Aliyekuumba na figo ndiye aliyekuwekea ruhusa," alimwambia. "Usijifanye mkarimu kumzidi."

Ramadhani ikaja tena, na mwaka huo iliingia sambamba kabisa na Kwaresima. Nasiri alitundika pazia la kaniki nyuma ya cherehani ili asiwakwaze waliofunga. Siku moja, adhuhuri ikikaribia, alikuwa amekaa nyuma yake, glasi mkononi, Nyiraneza akiwa sakafuni na kikapu cha mabaki, akirudisha vifungo koponi na vipande virefu rafuni. Alikunywa polepole. Aliyahisi maji yakishuka, akawafikiria wanaoyangojea huko chini, vikombe vyao vimefunguka, na miguu ile midogo iliyopishana, na mrija ukirudi kumgusa mwenzake begani. Mtu mmoja aliyekaa juu ya kigoda, na ndani yake kazi yote hiyo, wala hakuna anayepiga kelele.

"Unacheka nini?" aliuliza Nyiraneza.

"Sicheki. Nashiba maji."

Akaiweka glasi, akavua kastabini kidoleni, akatoka. Ngazi za mawe zilikuwa na unyevu wa mvua ya asubuhi. Alizishuka akishika ukuta, mgongo ukimuuma kwa haki yake. Aliingia kwa mguu wa kushoto. Alipotoka kwa wa kulia alisimama pale pale nje ya mlango, akaisoma dua yake yote, asiiharakishe, mpaka mwanamke wa chumba cha chini aliyekuwa akingoja na ndoo akakohoa kwa heshima.

Alipanda tena. Damascène alikuwa ameegemea mlango wa duka lake, midomo mikavu, mtu wa mfungo wa kweli.

"Fundi," aliita, "adhana karibu. Udhu umekatika?"

"Umekatika," alisema Nasiri, "namshukuru Mungu."

Akaenda bombani kutawadha upya.